Mama Anayeuma Mdomo

Siku watu wa mambo ya kale walipomtoa Fina chini ya shamba, Nabor alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, tamale, ule unga wa mahindi unaopikwa ndani ya majani, imemjaa mdomoni. Ilibidi aiteme.

Tuelewane mapema. Fina mwenyewe, binti yake, alikuwa makaburini nyuma ya kanisa la Mezquitillo, jeneza moja na mwanawe mchanga, mwaka wa pili sasa. Aliyekuwa anapandishwa juu kwa kamba, kazungushiwa sponji kama majeruhi wa ajali, alikuwa Fina wa udongo. Urefu wake kama toka kiwiko hadi ncha ya vidole. Kakaa kitako, mtoto kifuani, kichwa kimelalia kushoto kidogo, na mdomo wa chini kauuma kwa meno, vilevile Fina alivyokuwa akiuma mdomo akitunga uzi kwenye sindano. Nabor alimfinyanga katika zile siku tisa za sala ya msiba. Wanawake wanasali chumba cha mbele, yeye yuko bandani uani na udongo, kwa sababu mikono isingepata kazi ingevunja kitu.

"Jamani! Jamani njooni!" Mwalimu Ximena alikuwa anaruka ukingoni mwa shimo. Alikuwa msichana wa mjini, mkuu wa uchimbaji, mwenye kofia pana kuliko kivuli chake. "Mzee Nabor, njoo uone! Unajua una nini shambani kwako?"

Nabor alijua vizuri sana alichonacho shambani kwake. Hilo ndilo lilikuwa tatizo.

Pale kijijini Mezquitillo, nusu ya wanaume wanachimba vitu vya kale na nusu wanavitengeneza, na mgeni anayekuja kununua hawezi kujua kakutana na nusu ipi. Nabor alikuwa wa nusu ya pili, na katika hiyo nusu alikuwa bingwa. Udongo alichota bondeni chini ya mlima Ceboruco, kulekule walikochota wazee wa zamani. Alifinyanga kama wao, akapaka udongo mwekundu uliochujwa, akasugua kwa jiwe la mtoni mpaka ngozi ya sanamu ing'ae, akachoma kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe. Halafu anaizika. Misimu miwili ya mvua chini ya mahindi, kwenye samadi, mizizi iichore na yale madoa meusi yaingie, yale ambayo wenye fedha wanayaangalia kwa lenzi na kusema aah, hii ya kweli. Kwa Nabor sanamu ambayo haijazikwa ilikuwa kama mkate ambao haujaingia ovenini. Hakuwahi kutengeneza moja asiizike. Hata hii.

Ila hii hakuizika na nyenzake. Angeiwekaje Fina kwenye shimo la samadi pamoja na mbwa wa udongo wa kuuzia watalii? Pale shambani kulikuwa na kaburi la kweli, la wale wa kale, alilolijua tangu ng'ombe wa babu yake alipozamisha mguu ndani yake. Shimo kama kisima, na chini kabisa chumba kidogo, na chumbani mifupa ya mwanamke na vyungu vitatu. Babu alisema hili hatuuzi, wakalifunga, wakanyamaza. Miaka arobaini na mitano Nabor alinyamaza. Fina wa udongo alipokuwa tayari, alichimba wiki nzima peke yake, akamteremsha, akamweka ubavuni kwa yule mwanamke ili awe na wa kukaa naye. Akarudisha bapa la jiwe mlangoni. Akajaza kisima tabaka kwa tabaka, udongo mweusi mahali pa mweusi, wa njano mahali pa njano, akishindilia kila mahali, kwa sababu Nabor kazi ya ovyo hajui kuifanya.

Mpango ulikuwa huu. Mvua mbili zikipita, amtoe, ampe mkewe Otilia kwa Siku ya Wafu. Otilia alikuwa na jambo lililomtafuna. Roho za watoto zinakuja tarehe moja Novemba, za wakubwa tarehe mbili. Kwa hiyo mjukuu anafika anakuta mama hayupo, na mama anafika mtoto kashaondoka. Mwaka uliopita Otilia alililia hilo kuliko msiba wenyewe. "Hawajaonana bado," alikuwa akisema, "hawajaonana bado, Nabor." Nabor akawaza: wakiwa kitu kimoja, udongo mmoja, moto mmoja, watatenganishwaje? Watalazimika kuja pamoja. Lakini hakumwambia. Alitaka iwe zawadi.

Mvua ya pili ikaisha. Na barabara mpya ikaja, ikapangwa kupita katikati ya mahindi yake, na mbele ya barabara wakaja watu wa mambo ya kale kukagua ardhi kabla ya matingatinga. Siku ya sita wakalipata kaburi.

"Halijaguswa," Ximena alikuwa anamwambia kila mtu, hata punda. "Miaka elfu mbili halijaguswa! Nimekagua tabaka zote mwenyewe. Hakuna aliyewahi kuingia!"

"Mwalimu," Nabor alisema akivua kofia. "Hiyo sanamu ni yangu."

"Najua, Mzee wangu, shamba ni lako. Lakini kilicho chini ya ardhi ni cha taifa, sheria ndivyo ilivyo."

"Sisemi shamba. Nasema nimeitengeneza mimi."

Vibarua walicheka mpaka mmoja akadondosha beleshi. Ximena hakucheka, alikuwa na adabu. Alimshika Nabor mkono kama unavyomshika bibi anayevuka barabara.

"Mzee Nabor, nimesikia sifa zako. Najua unatengeneza. Lakini hii..." Akainamia kreti lenye sanamu. "Tazama huo mdomo. Mimi nimesoma miaka tisa sanamu za mama na mtoto za ukanda huu, na sijaona mdomo kama huo. Huyu aliyefinyanga hii, sijui alikuwa nani, lakini alikuwa amefiwa. Inaonekana."

Nabor alifungua mdomo ajibu. Kitu pekee kilichotoka ni kipande cha tamale kilichokuwa kimebaki.

*

Chon alicheka siku mbili. Chon ndiye aliyemsimamia Fina ubatizo, kwa hiyo yeye na Nabor walikuwa wanaitana kompadre, na alikuwa fundi wa kughushi kama Nabor, ila wa mbwa tu. Mbwa wanene. Hakuna anayeweza kukosea kufinyanga mbwa, alikuwa akisema.

"Kompadre, hebu nielewe," alisema akikaa kwenye kizingiti cha Nabor. "Miaka thelathini unawaapia watu kwamba kipya ni cha kale, wanakuamini. Sasa siku moja, siku moja tu, unataka kusema kweli, hawataki."

"Usinichekeshe, Chon."

"Sikuchekeshi, nalia. Na ukiwathibitishia, sisi tuliobaki tutamuuzia nani? Watakuja hapa na magari, watapima mpaka kuku."

"Ni Fina, Chon."

Chon akaacha kucheka. Akavua kofia yake, akaiangalia ndani kana kwamba ameandika kitu humo. "Kauuma mdomo?"

"Kauuma."

"Mungu wangu. Otilia anajua?"

Otilia alikuwa amesimama nyuma ya mlango na sahani ya maharage, kwa hiyo sasa alijua. Hakupiga kelele. Alikaa chini, akaweka sahani chini, akataka aelezwe toka mwanzo, na Nabor akaeleza: zile siku tisa, banda, kaburi, tarehe moja na tarehe mbili. Alipomaliza Otilia aliisukuma sahani kando.

"Kwa hiyo ulikuwa naye," alisema. "Mimi nakaa hapa sina hata picha ya wawili hao pamoja, na wewe ulikuwa nao. Ukaenda kuwazika mara ya pili."

"Nilitaka awe tayari."

"Tayari kwa nini, Nabor? Nani alikuambia nataka wa kale? Mimi nilitaka yeye! Hata mbichi! Hata kapinda shingo!"

Ukweli ni kwamba haikumpitia Nabor akilini kabisa kuwa sanamu inaweza kutoka kwenye moto ikaingia moja kwa moja nyumbani.

"Kamlete," alisema Otilia. "Sijui utafanyaje. Kamlete."

*

Nabor alirudi kambini kwa Ximena kesho yake, na keshokutwa, na siku iliyofuata. Akasema yote. Kwamba alifungua kaburi, jambo ambalo peke yake linatosha kumfunga mtu. Ximena akaziba masikio kwa mikono miwili.

"Sijasikia hilo, Mzee. Nikisikia itabidi niandike. Na tena si kweli, ule udongo haujaguswa."

"Nilirudisha tabaka kwa tabaka."

"Hakuna mtu anayerudisha tabaka kwa tabaka."

"Mimi narudisha."

"Kwa nini mtu afanye hivyo?"

"Kwa sababu ndivyo ulivyokuwa," alisema Nabor, na akaona kwenye macho ya Ximena kwamba hilo halikusaidia.

Lakini Ximena alikuwa mtu mwema, na hapo ndipo ubaya wa mambo ulipokuwa. Angekuwa mkorofi, Nabor angempigia kelele, angelala kwenye njia ya tingatinga, kijiji kizima kingekuja. Huyu alimpa kiti, alimpa kahawa, alimwuliza hali ya mkewe. Na mwishowe akasema: "Basi tufanye hivi. Tengeneza nyingine. Hapahapa, mbele yangu. Mama, mtoto, mdomo. Ukiweza, nitaandika kwa wakubwa wangu kwamba kuna shaka."

Nabor alitoka pale anakimbia, mwanaume wa miaka hamsini na nane. Kufinyanga? Ndicho pekee alichobakiza duniani!

Akaleta udongo wake, jiwe lake, bakuli lake la maji. Akakaa chini ya turubai. Siku ya kwanza miguu na kiwiliwili, vibarua wakasimama kuangalia, hata mpishi. Siku ya pili mikono na mtoto. Ximena alikuwa anaandika kwenye daftari na macho yamemtoka, na Nabor akaona mambo yanaenda. Siku ya tatu akaanza uso.

Uso ukakataa.

Alijua jicho liko wapi, pua iko wapi. Mikono iliweka kila kitu mahali pake, kama ilivyofanya mara elfu. Lakini ilipofika kwenye mdomo alitazama, akaona mwanamke ameuma mdomo kwa sababu fundi kamwambia auume. Akaufuta. Akaufanya tena. Sasa mwanamke alikuwa anaumwa jino. Akaufuta. Wa tatu ulikuwa unataka kucheka. Alijaribu kumkumbuka Fina na sindano yake, na akagundua kitu: alichokumbuka ni ile sanamu. Fina mwenyewe alikuwa amesogea nyuma yake, kajificha, hatoki.

Alimaliza kwa sababu ilibidi amalize. Wakaikausha karibu na moto, wakaichoma, ikatoka nzima. Ximena akaiweka mezani pembeni ya ile nyingine.

Chon alikuwa amekuja kuona. Aliangalia kwa makini, akakohoa. "Kompadre," alisema kwa sauti ya chini, "umemtengeneza mama mkwe wangu."

Hakuna aliyecheka. Nabor aliangalia zile sanamu mbili na yeye mwenyewe, fundi wa zote mbili, angeapa mahakamani kuwa hazikutoka kwenye mkono mmoja.

"Ni nzuri," alisema Ximena, na alimaanisha. "Ni nzuri sana, Mzee. Lakini unaona, eh? Unaona mwenyewe."

Nabor aliona mwenyewe.

*

Ilibaki njia moja, na Ximena ndiye aliyeileta, bila kuombwa, kwa sababu hakuwa amelala vizuri. Kulikuwa na kipimo. Unachukua unga kidogo toka ndani ya udongo, unaupasha moto kwenye mashine, nao unatoa mwanga, na ule mwanga unasema kitu kilichomwa lini. Haudanganyi na haubembelezwi. Majibu siku nne.

"Ikionekana ni mpya," alisema, "haiwi tena ya taifa. Hata wao hawataitaka. Nitakuletea nyumbani mwenyewe kabla ya tarehe moja."

Nabor alimwambia Otilia. Otilia alichukua kile kitambaa cheupe kinachotandikwa mara moja kwa mwaka kwenye meza ya wafu, akakifua.

Fundi wa kipimo alikuja toka mji mkuu na sanduku la chuma. Alikuwa mwanaume mnene, mpole, jina lake Evaristo, na alikuwa na keekee ndogo kama ya daktari wa meno. Walikutana kwenye chumba cha nyuma cha makumbusho ya mkoa, Nabor kavaa shati lake la ndoa za watu. Sanamu ililazwa kwenye mto wa mchanga. Evaristo akaimulika kwa taa, akaipima huku na huku kwa kifaa chenye taya mbili, akaanza kutikisa kichwa.

"Nyembamba," alisema. "Mguu mwembamba, mkono mwembamba, mgongo, kama ganda la yai. Huyu aliyeifanya alikuwa shetani. Sina pa kutoboa, nitatokea upande wa pili."

Moyo wa Nabor ulivimba kidogo, tabia ni tabia.

"Mahali pekee pazito ni hapa." Evaristo aliweka kidole kwenye mtoto. "Huyu amejazwa. Ajabu, kwa kawaida wanaacha uwazi, wasipasuke motoni. Huyu ni udongo mtupu mpaka katikati."

Ni kweli. Nabor hakutaka awe na uwazi ndani. Alimkausha mwezi mzima kivulini ili moto usimpasue.

"Nitatoboa mgongoni, chini ya mkono wa mama," alisema Evaristo. "Matundu mawili, kila moja kama punje ya mahindi. Haitaonekana."

"Inaweza kupasuka?" aliuliza Nabor.

"Inaweza. Mara chache. Moja kati ya kumi hivi."

"Mzee, una uhakika?" aliuliza Ximena.

Nabor aliitikia kwa kichwa. Evaristo akavaa miwani ya kazi, akawasha keekee. Ilitoa mlio mwembamba, kama wa mbu aliyeko ndani ya sikio. Akaishusha mgongoni kwa mtoto, na unga mwekundu kidogo sana ukaruka, ukatua kwenye mchanga mweupe.

Mtoto wa Fina, yule wa kweli, aliishi saa mbili. Katika saa mbili hizo nesi, masikini, alimchoma sindano kwenye mguu, kwenye mkono, kwenye kichwa, akitafuta mshipa wa kupitishia dawa, na kila akikosa alikuwa anamwomba radhi. Samahani baba, samahani baba. Nabor alikuwa amesimama pale. Alikuwa amesimama hivihivi, mikono inaning'inia.

"Acha," alisema.

Evaristo hakusikia.

"Acha! Acha, acha, toa hiyo!"

Keekee ikazimwa.

"Sijafika popote," alisema Evaristo. "Nimekwaruza tu. Unga huu hautoshi kupimia kitu."

"Basi."

Ximena alivuta kiti akakaa mbele yake, magoti karibu yagusane. "Mzee Nabor, nisikilize. Sina njia nyingine. Nimetafuta. Tusipopima, inabaki ya kale, inaingia kwenye orodha, na ikishaingia hata mimi siwezi kuitoa. Unanielewa? Itakuwa kwenye kabati la kioo, itazungushwa nchi za watu. Ni matundu mawili tu."

"Ameshachomwa huyu," alisema Nabor.

"Nani?"

Ximena alimwangalia, kisha akaiangalia sanamu, kisha akamwangalia yeye tena, kwenye mdomo, kwenye umbo la taya lililofanana na la sanamu. Kitu kikapita usoni kwake. Ikiwa alielewa, alielewa kwa kuchelewa, na kuelewa kwake hakukuwa na mahali pa kuandikwa kwenye fomu.

Fomu ilikuwepo, lakini. Mahali ilipopatikana: shamba la Nabor. Umri: miaka elfu mbili, takriban. Mfinyanzi: hajulikani. Nabor akatia sahihi chini, pale palipoandikwa shahidi.

"Naomba nimshike," alisema. "Mara moja. Halafu mfunge."

Ximena akamwangalia Evaristo. Evaristo akaangalia dari.

"Inabidi glovu, Mzee," alisema Ximena. "Samahani. Jasho la mikono linaharibu. Ndiyo sheria."

Akamletea jozi ya glovu nyeupe za pamba. Zilikuwa za saizi yake yeye Ximena. Nabor aliingiza vidole vinne, dole gumba likagoma. Walizivuta pamoja, yeye huku na msichana kule, kama wanaomvalisha mtoto viatu vilivyombana, mpaka mshono wa pembeni ukaachia. Evaristo akatoa zake mfukoni, kubwa, za mpira, nene, za kushikia dawa kali. Hizo ziliingia.

Nabor akamchukua Fina mchangani, akamweka kwenye mkono wa kushoto, mtoto upande wa kifua. Akapitisha dole gumba juu ya mdomo wa chini, taratibu, toka pembe hadi pembe, pale alipoukandamiza kwa ukucha miaka miwili iliyopita. Akapitisha tena.

Mpira ulikuwa mnene. Hakuhisi kitu.

"Chukua muda wako, Mzee," alisema Ximena, na nje dereva wa gari la makumbusho akapiga honi.